Kompyuta Inayozimika Kila Ninapoposa

Kolwezi, tarehe 3 Machi 2025

Kwa Tata Tshilombo,
Mkuu wa Mtaa wetu,
Ofisini kwake, nyuma ya bomba la maji.

YAHUSU: Kuzimika kwa kompyuta yangu mara saba, na wakazi wa mtaa wanaohusika.

Mheshimiwa Tata Mkuu,

Ninakuandikia mimi, Ngeleka Polycarpe, wa nyumba yenye mlango wa bluu, mgane wa miaka sita sasa, karani mstaafu wa ghala la reli. Nilitunza ghala lile miaka thelathini na mmoja, ukiondoa ile minne tuliyofukuzwa, na haukupotea hata msumari bila mimi kujua umelala katika mfuko wa nani. Sisemi haya kwa kujisifu. Nataka tu ujue kwamba anayekuletea mashtaka ni mtu anayejua kuchunguza. Utaniwia radhi pia kwamba naandika kwa mkono. Kompyuta ninayo, lakini nimeona haifai mtuhumiwa aandike mashtaka yake mwenyewe.

Jambo lenyewe ni hili: tangu tarehe 19 Januari hadi jana, kila Jumapili, kati ya saa kumi na saa kumi na moja za mchana, kompyuta yangu inazimika ghafla katikati ya mazungumzo. Haitoi onyo, haipungui mwanga polepole kama taa inayoishiwa mafuta. Inakuwa nyeusi tu, pa! Nikiiwasha tena inaniandikia kwamba safari iliyopita haikuzimwa ipasavyo, kana kwamba mimi ndiye niliyekosea. Siku nyingine zote za wiki inafanya kazi vizuri kabisa. Nimeandikia barua za rambirambi watu wanne, nimeandika kanuni za chama chetu cha wastaafu, nimecheza karata humo ndani saa mbili nzima, haikukohoa.

Ili uelewe uzito wa jambo, Tata Mkuu, lazima nikuambie nilikuwa nazungumza na nani, na nini kilikuwa kinataka kusemwa.

Mwaka 1993, sisi wenye asili ya Kasai tulipofukuzwa hapa Katanga kwa kuitwa wageni, familia yangu ililala stesheni wiki tatu ikingoja treni. Mke wangu, marehemu Jocelyne, aliacha cherehani yake kwa jirani, Mama Stéphanie, ambaye wazazi wake walitoka kaskazini ya Katanga. Wakati ule kumhifadhia mtu wa kwetu kitu kulikuwa hatari. Watu walikwenda mlangoni kwake wakamwambia aitoe. Aliwaambia haipo. Tuliporudi mwaka 1997 tuliikuta imefunikwa kwa kitenge, imetiwa mafuta, na sindano za akiba zimefungwa kwenye karatasi. Hakutoa hotuba. Alimwambia mke wangu, "Mama Jocelyne, kintu yako iko hapa. Ilikuwa nakulilia." Basi.

Baadaye alihamia Mutshatsha na mumewe, mtu wa reli kama mimi, na mumewe akafia huko. Mwaka jana tulikutana kwenye arusi, tukakaa meza moja, tukazungumza mpaka wakatuondolea viti. Nina umri wa miaka sabini. Yeye ana sitini na minne. Sihitaji kukueleza zaidi.

Binti yangu Yolande, anayekaa Lubumbashi, ndiye aliyeniletea kompyuta hii na kuniwekea kamera juu yake, ili kila Jumapili saa kumi niweze kumwona Mama Stéphanie kwenye kioo naye anione kwenye simu yake. Utaniuliza mbona nisiende Mutshatsha. Barabara ya mvua na kiuno changu havipatani, daktari ameniambia nisipande lori. Nakiri pia kwamba mbele ya kioo mtu anaweza kuwa na karatasi ndogo pembeni, yenye maneno aliyoyaandaa.

Maneno niliyoyaandaa ni haya: "Mama Stéphanie, unakubali tuoane?" Ni maneno manne. Nimeyauliza mara saba. Mara saba, nikifika kwenye alama ya kuuliza, kompyuta inakufa.

Sasa nitaje wahusika, kwa utaratibu waliojitokeza nao katika uchunguzi wangu.

1. Bwana Stany, fundi wa kuchomelea vyuma, jirani yangu wa kushoto. Tarehe 19 Januari alikuwa anachomelea lango la mtu. Kila mtu anajua kwamba mashine ile ikiwaka, taa za mtaa mzima zinakonyeza. Nilimwendea kwa adabu. Alinijibu, akiniita mzee kwa Kifaransa, "Vieux, mi nitafanya kazi siku gani? Siku ya Mungu njo siku bantu banaleta milango." Jumapili iliyofuata alikwenda matanga, mashine yake ikalala, na kompyuta yangu ikazimika vilevile. Mtu mwepesi angemwachilia. Mimi nilitambua kwamba aliyoyachomelea wiki nzima yalikuwa bado yamo kwenye nyaya.

2. Hapo ndipo nilipomwita fundi, Mama Tania, anayetengeneza kompyuta karibu na soko. Yeye si mhusika. Ninamtaja ili aitwe kama shahidi. Ni mama wa watoto watatu, haongei ovyo. Aliifungua, akatoa vumbi jekundu la kujaza kikombe, akabadilisha kumbukumbu ya mashine, akaweka kisanduku cha kutuliza umeme. Kisha aliibeba hadi kwake, akaiwasha siku tatu mfululizo huku inaonyesha filamu za arusi. Haikuzimika hata mara moja. Akaniletea na kusema, "Tata Ngeleka, hii machine iko muzima. Haina ata bugonjwa moja." Nikamshukuru. Jumapili nikauliza swali langu, ikafa.

Angalia vizuri, Tata Mkuu. Kwa Mama Tania ni nzima, kwangu ni maiti. Tofauti ni nini? Ni majirani.

3. Kwaya ya Mama Kanku. Wanafanya mazoezi nyuma ya ukuta wangu kwa vipaza sauti vinne, wakati waimbaji wenyewe ni tisa. Mwanamke mmoja wa sauti ya pili, sitamtaja jina kwa kuwa ameolewa, ana noti moja anayoishika muda mrefu kuliko wenzake. Nilimwomba Mama Kanku aniruhusu nipime noti ile kwa saa yangu. Alinitazama sana. Akasema, "Tata, mi nilikuwa nazania unakuya kuomba kuimba bass." Siku hiyo nilirudi nyumbani na daftari la nyimbo ambalo sikuliomba.

Kwaya ilipokwenda Kisenge kwa sikukuu, palikuwa kimya upande ule. Ikazimika.

4. Malori ya mawe yanayotoka upande wa Mutoshi. Yakipita, vikombe vyangu vinasalimiana kabatini. Niliinua meza, nikaweka miguu yake juu ya blanketi zilizokunjwa mara nne. Mama Stéphanie akaniuliza kwenye kioo mbona leo nimekuwa mrefu. Nikamwambia ni afya. Nikauliza swali. Ikazimika, na siku hiyo malori hayakupita kwa sababu ya tope. Nimeandika katika daftari langu: "Yalipita wiki iliyotangulia."

5. Wachimbaji walio chini ya ardhi. Sina uhakika kama wamefika chini ya nyumba yangu, lakini mtaa wetu unajua habari za mashimo ya madini yanayochimbwa hadi chini ya nyumba za watu. Nililala sakafuni, sikio kwenye saruji, nikasikiliza robo saa. Nilisikia kitu kinagonga: ko, ko, ko. Mama Tania aliingia akanikuta hapo na akapiga kelele, akidhani nimekufa. Baada ya kunipa maji alisikiliza yeye pia, akasema kile ni moyo wangu. Nimeandika maoni yake, sijayakubali.

6. Wewe mwenyewe, Tata Mkuu, na nasema haya nikiwa nimevua kofia. Friza lako. Waya wa nyumba yangu na waya wa nyumba yako zinatoka kwenye nguzo moja. Friza lako linaamka na kuguna kila baada ya muda, nalisikia nikiwa chini ya mwembe... samahani, nimekata hapo, mti wangu ni mpera. Nalisikia nikiwa chini ya mpera. Jumapili ya tano na ya sita liliguna. Najua ndani yake mna samaki wa Mama nyumbani kwako, wanaouzwa mpaka mtaa wa pili, na kwamba samaki hawaungoji upendo wa mtu. Lakini kwa kuwa sheria ni ya wote, sikuweza kukuruka. Jumapili ya sita nilifanya jaribio gumu zaidi: niliacha kabisa umeme wa mtaa, nikaazima jenereta ya Stany, mtuhumiwa wa kwanza, ambaye kwa unafiki wa hali ya juu alinikopesha akitabasamu na akaniletea na mafuta. Ikazimika. Ndipo nilipojua kwamba friza lako lina nguvu ya kuruka hewani.

7. Kimya. Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Jana, mtaa mzima ulikuwa umekwenda kumpokea Askofu. Stany hayupo. Kwaya haipo. Malori hayapo. Friza lako halikuguna, nilisimama ukutani dakika kumi kuhakikisha. Nilisikia kuku wa jirani wakikwaruza, na zaidi ya hapo hakuna. Nikajiambia, Polycarpe, leo ni leo. Mama Stéphanie alikuwa amevaa kitambaa cha kijani kichwani. Alikuwa ananieleza habari za mihogo yake, kisha akaiacha mihogo, akanitazama tu. Nikasogea. Nikauliza.

Pa! Nyeusi.

Tata Mkuu, nilikaa mbele ya kioo kile cheusi nikajiona mimi mwenyewe humo ndani, mzee mwenye tai. Sikuiwasha tena. Na huyo ndiye mtuhumiwa wangu namba 7: kimya kile hakikuwa cha bure. Mtaa wenye watu wengi hivi haunyamazi wenyewe. Kuna aliyeupanga.

Huenda utaniuliza kwa nini baada ya kila ajali sikuiwasha haraka na kuendelea pale pale. Nimejaribu. Lakini swali kama hili haliendelezwi kutoka katikati. Inabidi uanze tena na salamu, mvua, mihogo, mguu wa mjukuu, kufikia saa kumi na mbili kasoro, na simu yake inaishiwa moto wa betri. Na yeye hajawahi kuniuliza nilikuwa nasema nini. Ananiambia tu, "Polycarpe? Ulikufa tena?" Namjibu kwamba ni kompyuta. Anasema, "Aa, kompyuta." Jinsi anavyolitamka neno hilo inaniumiza.

Kwa sababu hizo zote, ninaomba ofisi yako iamuru yafuatayo. Kila Jumapili, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja, Stany asichomelee, na Jumamosi pia asichomelee ili nyaya zipumzike. Kwaya ya Mama Kanku iimbe kwa midomo bila vipaza sauti, na yule mama wa noti ndefu aimbe kwa moyo tu. Malori yasimamishwe barabarani hadi nitakapomaliza, nitapeperusha shuka jeupe. Wachimbaji, kama wapo, wapande juu na kuketi. Friza lako lizimwe, na samaki wafungwe kwa majani. Lakini mtaa usinyamaze wote kwa pamoja, maana nimeshaeleza hatari ya kimya. Ninapendekeza watu wawili au watatu wakohoe kwa zamu.

Na kama haya yote ni mazito kwa ofisi moja, basi ninaomba jambo moja jepesi badala yake. Uniandikie cheti, chenye muhuri wa mtaa, kinachothibitisha kwamba mimi Ngeleka Polycarpe, mwenye akili timamu, nimemposa Mama Stéphanie mara saba kwa maneno yanayosikika, na kwamba nilikatizwa kwa nguvu zisizo zangu. Nitakituma Mutshatsha kwa mkono wa mtu. Yeye atie saini yake chini, upande wa ndiyo au upande wa hapana. Hivyo tutakuwa tumemaliza bila kompyuta.

Sijawahi kuisumbua ofisi yako. Mwaka bomba la maji lilipokauka sikuandika. Mbwa wa mtaa waliponila viatu sikuandika. Leo naandika kwa sababu miaka yangu iliyobaki siijui idadi yake, na nisingependa itumike yote kwenye salamu na mihogo.

Nakusalimu wewe na Mama nyumbani, na watoto wote, na wajukuu, na mkwe wako aliyepona. Msalimie Stany na mkewe, sina chuki nao. Msalimie Mama Kanku na waimbaji wanane. Wa tisa naye msalimie, lakini kwa kifupi.

Ni mimi mkazi wako mtiifu, ninayeketi nyumbani kungoja mkono wa serikali,

NGELEKA Polycarpe
Karani mstaafu

Nakala: Paroko, kwa maombi. Bwana Stany (bila namba 1).

N.B. Alhamisi, tarehe 6 Machi.

Tata Mkuu, barua hii ilikuwa bado mezani kwangu, haijapata bahasha, na sasa sijui niiite nini. Imenibidi niongeze yaliyotokea jana.

Jana mchana Mama Tania alikuja kwa mara ya mwisho. Aliniambia amechoka kutengeneza kitu kizima, kwa hiyo safari hii hataigusa mashine, atanitazama mimi. Akaketi kando yangu na kusema, "Tata, ongea na miye sawa vile mi njo Mama Stéphanie. Yote, toka salamu." Nilikataa kwa heshima. Akasema basi anakwenda zake. Nikakubali. Nikasalimia, nikaulizia mvua, nikaulizia mihogo. Nilipofika penyewe nikavuta kiti karibu na meza, nikainamia kamera, nikamuuliza Mama Tania, ambaye ana mume, kama anakubali tuoane.

Ikazimika.

Mama Tania alitazama miguu yangu. Alipiga magoti akaingia chini ya meza. Nikasikia anacheka humo chini, kicheko cha mtu anayejizuia na kushindwa, mpaka meza ikatikisika kuliko kwa malori. Lile sanduku la kompyuta nimeliweka sakafuni, mbele ya miguu yangu. Kitufe chake cha kuwashia kiko usawa wa goti langu la kulia. Kitufe hicho, ukikibonyeza na kukishikilia kwa sekunde nne, mashine inazimika papo hapo. Mimi nikivuta kiti ili niulize, goti linakandamiza kitufe. Na goti lenyewe, Tata Mkuu, lilikuwa linatetemeka, ndiyo maana sikukisikia kitufe. Wakati wa barua za rambirambi huwa naketi mbali na meza. Hakuna anayesogea karibu hivyo kwa ajili ya rambirambi.

Mama Tania alikuwa bado chini ya meza, anafuta machozi, mlango ulipobishwa. Alikuwa Mama Stéphanie. Amepanda lori la makaa kutoka Mutshatsha, siku mbili barabarani, vumbi la makaa mpaka kwenye nyusi. Kwanza alitazama miguu ya mwanamke iliyotokeza chini ya meza yangu. Mama Tania akatoka haraka na kujieleza kwa ufasaha ambao sikuutarajia. Akamweleza habari za goti na za sekunde nne, akaaga, akaenda.

Mama Stéphanie aliketi. Akanitazama jinsi alivyonitazama Jumapili.

"Sekunde ine?" akaniuliza. "Na swali yako inakamataka ngapi?"

Nikasema, labda tatu.

"Njo ile. Mi nilikuwa nasikia kila mara. Mara saba. Nasikia swali, kisha picha inakufa. Nikasema, huyu mwanaume anauliza, kisha anakimbia. Sasa nimekuya nione kama ataweza kukimbia na kiti yake."

Hakukuwa na karatasi pembeni. Hakukuwa na kioo. Stany alikuwa anachomelea, kwaya ilikuwa imeanza, na nasikitika kusema friza lako pia lilikuwa linaguna. Nikauliza. Goti lilitetemeka kama kawaida yake, lakini safari hii halikuwa na kitu cha kuzima. Mama Stéphanie akahesabu kwa vidole vyake, polepole, moja, mbili, tatu, ine, akanitazama kuona kama bado nipo. Nilikuwepo. Ndipo akajibu.

Kwa hiyo naiomba ofisi yako ifute namba 1 hadi 7, pamoja na watu wa kukohoa. Nimemwomba radhi Stany ana kwa ana. Hakuelewa ninaomba radhi ya nini, lakini aliuliza kama tutahitaji kitanda cha chuma, kipana. Mama Kanku ameshasikia, sijui kwa nani, na kwaya nzima inafanya mazoezi ya nyimbo za arusi tangu asubuhi, kwa vipaza sauti vyote vinne.

Naishia hapa. Mama Stéphanie ameisoma barua hii yote akiwa amesimama nyuma ya bega langu. Anasema bukari, ugali wetu, inapoa, na kwamba mwanaume aliyejaza kurasa sita kwa ajili ya maneno manne ni lazima ana njaa.